Kilo mbili za Jumatatu si mafuta

Mwisho wa wiki Sirari unaujua kwa moshi. Kuanzia Ijumaa jioni majiko ya nyama choma yanawaka kandokando ya barabara inayotoka Tarime mjini kwenda mpakani, na ukivuka kuingia Isebania, upande wa Kenya, mambo ni yale yale. Nyama inaletwa mezani imeshakatwa, pembeni kuna pilipili, kachumbari na kifungu cha chumvi. Kila kipande kinachovywa kwenye chumvi kabla ya kwenda mdomoni, na hakuna anayehesabu amechovya mara ngapi.

Sasa mchukue mama mfanyabiashara wa hapo mpakani aliyeanza dayati wiki mbili zilizopita. Ameacha soda, ameacha maandazi ya asubuhi, ugali wa usiku ameupunguza mpaka tonge mbili tatu. Wiki ya kwanza mizani imeshuka kilo tatu, mashoga zake wakamshangilia. Wiki ya pili imeshuka kidogo tu. Jumapili ameitwa kwenye sherehe, amekula kama wenzake. Jumatatu asubuhi anapanda mizani na kukuta kilo mbili zimerudi. Anasema mwili wake "haukubali dayati", na siku hiyo hiyo chapati zinarudi mezani.

Wengi wanakatia tamaa hapo, nao wanajihukumu kwa hesabu isiyo sahihi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori zipatazo 7,700. Ili aongeze kilo mbili za mafuta kwa siku moja, mama huyu angelazimika kula, juu ya mahitaji yake ya siku, chakula chenye kalori zaidi ya 15,000. Hicho ni zaidi ya kilo nne za unga wa sembe, peke yake, bila mboga. Hakuna sherehe ya hivyo, hata kwa Wakurya wanaojua kumkirimu mgeni. Sehemu kubwa ya kilo zile ni maji, na nyingine ni chakula ambacho bado kiko tumboni.

Hata zile kilo tatu alizopongezwa nazo wiki ya kwanza, nyingi zilikuwa maji. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, akiba inayoitwa glikojeni, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 400 hadi 500 hivi. Kila gramu inakaa na maji gramu tatu au zaidi. Ukipunguza ugali, wali na chapati, mwili unakula akiba hiyo kwanza, na maji yake unayakojoa. Ukirudia ugali, akiba inajazwa upya na maji yanarudi nayo. Kwa njia hii peke yake mtu anaweza kushuka au kupanda karibu kilo mbili bila mafuta kuguswa. Wauzaji wa chai za kupunguza kilo kwa siku saba wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana hawaahidi chochote kwa siku ya arobaini.

Halafu kuna chumvi. Aliyewahi kutundikiwa dripu ya maji ya chumvi anaifahamu ile chupa: ndani ya kila lita kuna gramu 9 za chumvi, kiwango kinachokaribiana na cha damu yetu. Mwili unalinda uwiano huo. Ukila chumvi nyingi unapata kiu, unakunywa, na figo zinayashikilia maji mpaka zipate nafasi ya kuitoa ile chumvi. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya ziada kinaweza kushikilia zaidi ya nusu lita, na nusu lita ya maji ina uzito wa nusu kilo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa. Kifungu cha chumvi cha kwenye nyama choma kinaimaliza ruhusa hiyo kabla hatujagusa mchuzi.

Na si chumvi ya mezani tu. Akina mama wa Kanda ya Ziwa wanatia magadi kwenye mlenda na maharage ili yalainike haraka, na magadi yana sodiamu, ile ile inayovuta maji kwenye chumvi. Viungo vya pakiti vya mchuzi vina chumvi tele. Mtu anakuapia kwamba chakula chake hakina chumvi, kumbe ametia magadi, akatia kiungo cha pakiti, akamaliza na samaki wa chumvi.

Wanawake wana jambo lao la ziada. Siku chache kabla ya hedhi homoni zinaufanya mwili wa wengi ushike maji, tumbo likajaa na matiti yakauma, kisha hedhi ikianza maji hayo yanatoka. Kupima leo na kulinganisha na wiki iliyopita hakusaidii. Linganisha na wiki kama hii ya mwezi uliopita. Aliyeanza mazoezi mapya naye asishangae, kwani misuli inayouma inavuta maji wakati inajitengeneza.

Wapo wanaofikiri dawa ni kuzidi kujinyima. Kati ya 1944 na 1945, huko Marekani, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwapa wanaume 36 waliojitolea chakula pungufu kwa muda wa miezi sita. Walikonda wakabaki mifupa, na bado wengi wao walivimba vifundo vya miguu kwa maji. Kujinyima kupita kiasi kunaweza kuleta maji yale yale unayoyakimbia, tena mizani isikuonyeshe kwamba mafuta yamepungua.

Yanayosaidia hayana ajabu. Punguza chumvi taratibu, ulimi utazoea. Usiache kunywa maji kwa hofu ya kuvimba. Kula protini ya kutosha: dagaa wasiotiwa chumvi, maharage, mayai, maziwa mgando. Madini ya potasiamu yanazisaidia figo kutoa sodiamu, na Tarime imejaliwa vyakula vyake: ndizi, viazi vitamu, parachichi, maharage, mchicha na mgagani. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza, maana kwake potasiamu nyingi ni hatari. Anayeshinda kwenye kiti cha duka, au aliyeketi kwenye basi la Dar es Salaam tangu alfajiri, anaweza kuvimba miguu hata kama hayuko kwenye dayati. Ainuke atembee, na akifika aiinue miguu juu ya mto. Mizani ipande asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya kula, kisha angalia mwelekeo wa mwezi, usiangalie siku. Utepe wa fundi cherehani ukizungushwa kiunoni mara nyingi unasema kweli kuliko mizani.

Ninachokikataa kabisa ni vidonge vya kukojoza. Furosemidi, ambayo wengi wanaiita Lasix, ni dawa ya wagonjwa wa moyo, figo na ini, inayotolewa kwa maelekezo ya daktari. Wapo wanaoimeza ili gauni liingie siku ya harusi. Inatoa maji na kutoa potasiamu pamoja nayo, na potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Mafuta haitoi hata gramu. Maji yenyewe yatarudi ukishaiacha.

Kuna maji ambayo si habari ya dayati. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, hesabu hadi kumi, kisha achia. Kikibaki kishimo, usiendelee kuhangaika na mizani, nenda kituo cha afya. Inawezekana ni dawa unayotumia: amlodipini ya presha inawavimbisha baadhi ya watu vifundo vya miguu, na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kushikilia chumvi na maji. Usiache dawa ya presha mwenyewe, mwambie aliyekuandikia. Inawezekana pia ni moyo, figo au ini. Mguu mmoja ukivimba na kuuma peke yake, ukakosa pumzi ukilala, au ukawa mjamzito mwenye uso uliovimba, kichwa kinachouma na macho yenye ukungu, usisubiri kesho. Hiyo ya mwisho ni dalili ya kifafa cha mimba.

Ninyi wengine, anzeni na kupima presha na protini kwenye mkojo. Vipimo vyote viwili vinachukua dakika chache. Vifanyeni kabla ya kununua kidonge au chai yoyote.