Kichomi au Kifua Kikuu? Tujue Tofauti



Mama mmoja wa kikundi tunachotembelea alikohoa miezi mitatu. Kila mara alinunua dawa dukani akisema, "Ni kichomi tu, kitaisha." Alipopimwa makohozi, ilikuwa kifua kikuu (TB). Mtoto aliyelala naye pia alikuwa ameambukizwa.

Magonjwa haya yote mawili hushika mapafu na kuleta kikohozi na homa. Lakini mwendo wao si mmoja.

KICHOMI, yaani nimonia, huja haraka. Juzi mtu alikuwa shambani, leo hawezi kuamka. Homa ni kali, anatetemeka, na kifua kinamchoma akivuta pumzi. Kwa mtoto, hesabu pumzi dakika moja nzima akiwa ametulia. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Kama kifua kinabonyea ndani akipumua, au hawezi kunyonya, ni hatari. Kimbia hospitali.

KIFUA KIKUU huja polepole. Kikohozi kinapita wiki mbili. Homa ni ya jioni, na usiku jasho linalowesha shuka. Mtu anakonda, hana hamu ya chakula. Wengine wanatema damu. Mtoto huenda asikohoe sana, ila utaona haongezi uzito.

Hata hivyo, dalili peke yake hazitoshi. Hata picha ya eksirei yaweza kufanana. Kupima makohozi ndiko huonyesha TB.

Dawa nazo ni tofauti. Za kichomi ni za siku chache. Za TB kwa kawaida ni miezi 6, na katika vituo vya serikali hapa Kenya hazilipiwi. Ukiziacha kwa sababu umepata nafuu, ugonjwa waweza kurudi ukiwa sugu.

Basi shikeni neno hili moja: mtu akimaliza dawa za kichomi na bado anakohoa, asinunue nyingine. Arudi zahanati aombe kupimwa makohozi.

Kwenye mkutano ujao, kabla ya kuhesabu michango, ulizaneni: nani nyumbani amekohoa zaidi ya wiki mbili? Msimcheke wala kusema amerogwa. TB inatibika. Mmoja wenu amsindikize.