Mashine za Kufulia za Ughaibuni: Maji, Umeme na Tahara ya Nguo Zetu

Si jambo geni siku hizi kuiona familia imekusanyika barazani ikifungua sanduku kubwa lililoletwa kwa kontena. Kijana aliyeko Uingereza, au binti aliyeolewa Muscat, amemkumbuka mama yake, akamnunulia mashine ya kufulia ili ampunguzie taabu ya kuinamia beseni. Huo ni wema mkubwa, na ni katika kuwatendea wazazi ihsani. Lakini mara nyingine furaha hiyo haidumu hata wiki. Mashine haivuti maji, au inaungua siku ya kwanza inapochomekwa, au inafua saa tatu na umeme ukakatika katikati. Mwisho wake hufunikwa kitambaa na kuwekewa vyombo juu.

Wengi hudhani wameuziwa mashine mbovu. Sisi tunaona kuwa mara nyingi kosa si la mashine. Kila mashine hutengenezwa kwa kuzingatia maji, umeme na nyumba za watu wa nchi inakouzwa. Anayeihamisha bila kuyajua hayo huwa amehamisha nusu ya chombo, na nusu nyingine ameiacha huko huko. Wiki hii tumeonelea tuzilinganishe mashine za nchi mbalimbali, kisha tulitazame jambo ambalo muuzaji hatuelezi, nalo ni tahara ya nguo zetu.

Ulaya: maji machache, saa nyingi

Mashine za Ulaya, kwa sehemu kubwa, ni za mlango wa mbele. Pipa lake limelala, nalo huziinua nguo na kuziangusha ndani ya maji ya kina kifupi. Kwa sababu hiyo hutosheka na takriban lita 50 kwa mzigo mzima, pamoja na kusuuza. Huingiza maji baridi peke yake na kuyachemsha zenyewe kwa hita iliyomo ndani, hata kufikia nyuzi 90.

Wengi huuliza kwa nini zinachukua muda mrefu. Nguo hutakata kwa mambo manne: joto, sabuni, kupigwapigwa na muda. Ukipunguza moja huna budi kuongeza jingine. Watengenezaji wa Ulaya wamepunguza joto na maji ili kuokoa umeme, wakaongeza muda, hata programu ya kubana matumizi ikaweza kupita saa tatu. Tangu Machi 2021, kila mashine mpya inayouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya hubandikwa lebo yenye herufi A hadi G. Lebo hiyo huonyesha umeme unaotumika kwa mafuo 100, lita za maji kwa fuo moja, muda na kelele za kukamua. Anayenunua huko asiache kuisoma.

Hapa pana faida kwa wakazi wa pwani yetu. Mjerumani wakati wa baridi hupokea bombani maji ya nyuzi 10 hivi, na kuchemsha lita 15 za kufulia hadi nyuzi 40 humgharimu zaidi kidogo ya nusu uniti ya umeme. Maji yetu hutoka yakiwa na nyuzi 28 au karibu yake, hivyo kazi hiyo hiyo huhitaji kiasi cha moja ya tano ya uniti. Jua letu limekwisha kutufanyia sehemu kubwa ya kazi.

Lakini pana tahadhari pia. Maji ya visima vya ardhi ya matumbawe, kama ilivyo sehemu nyingi za Unguja, yana chokaa nyingi. Chokaa hiyo hujenga ukoko juu ya hita kila maji yanapochemshwa. Anayefulia maji ya namna hiyo na apunguze kutumia programu za joto kali.

Marekani: maji mengi, muda mfupi

Mmarekani amezoea mashine ya mlango wa juu. Pipa limesimama, na katikati yake mna mhimili wenye mapezi unaozungushazungusha nguo. Ili nguo zielee ni lazima pipa lijae, na mashine za zamani za aina hiyo zilikuwa zikimeza kiasi cha lita 150 kwa fuo moja. Mashine mpya zimepunguza sana, lakini bado aina hii hutaka maji mengi kuliko ile ya mlango wa mbele. Malipo yake ni muda, kwani nguo huwa tayari ndani ya saa moja au chini ya hapo.

Nyingi ya mashine hizo hutegemea maji ya moto kutoka tangi la nyumba, hivyo huwa na mipira miwili, wa maji ya moto na wa baridi. Jambo kubwa zaidi ni umeme. Marekani hutumia volti 120 na hezi 60, ilhali Tanzania tunatumia volti 230 na hezi 50. Mashine ya huko ikichomekwa hapa moja kwa moja itaungua. Transfoma hupunguza volti, lakini haibadilishi hezi, na mota iliyoundwa kwa hezi 60 inaweza kwenda taratibu na kupata joto kupita kiasi. Kwa hiyo tunawanasihi ndugu walioko Marekani: fedha ya kununulia na kusafirishia mashine itumeni, inunuliwe iliyo sahihi hapa hapa.

Japani: maji ya kuoga hufua nguo

Wajapani nao wanapenda mashine ya pipa lililosimama, lakini wamezoea kufua kwa maji baridi. Maji yao mengi hayana chokaa kubwa, kwa hiyo sabuni hutoa povu bila kuhitaji joto. Nyumba ni ndogo, na nguo huanikwa kwenye roshani. Jambo la ajabu ni kwamba mashine nyingi za huko zina pampu ndogo ya kuvuta maji ya birika la kuogea. Watu wa nyumba hujisafisha kwanza nje ya birika, kisha huingia kujituliza, mmoja baada ya mwingine, na maji yaliyobaki hutumika kufulia. Kwa kawaida suuza ya mwisho hufanywa kwa maji mapya ya bomba.

Umeme wa Japani ni volti 100, na hezi zake zimegawanyika: Tokyo ni 50 na Osaka ni 60. Magari yaliyotumika ya Japani yanatufaa sana, lakini mashine zake za kufulia hazifai kuletwa.

Ghuba: zipo zinazotufaa

Oman na Imarati zina umeme unaolingana na wetu, wa hezi 50. Saudi Arabia ni hezi 60, kwa hiyo wanaorudi kutoka huko waangalie kibati cha nyuma ya mashine kabla ya kulipa. Katika maduka ya Ghuba, mashine za Ulaya na za Asia huuzwa pamoja na ile ya mapipa mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia. Ya mwisho hii ndiyo yenye bei nafuu, na wenye majumba makubwa huidharau. Lakini hukubali kujazwa kwa ndoo, haitegemei nguvu ya bomba, na hufua kwa dakika chache tu. Umeme ukikatika, nguo hutolewa bila tabu. Kwa nyumba yenye maji ya mgawo, hiyo inaweza kuwa bora kuliko mashine ya bei mara tatu.

Tahara: swali lisilo kwenye lebo

Nguo kung'aa na kunukia si dalili ya kutoharika. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu, maji machache, yaani yasiyofikia kulateni mbili (takriban lita 200), hunajisika kwa kuingiwa na najisi hata kama hayakubadilika. Ama maji yakimiminwa juu ya najisi, yakaiondoa na kutoka bila kubadilika, mahali pale hutoharika. Pipa la kufulia, liwe la Ujerumani au la Ghuba, liko chini sana ya kiasi hicho.

Hapo ndipo mashine ya mapipa mawili inapohitaji uangalifu. Kwa kubana maji, wengi wetu hufua mzigo wa kwanza, wa pili na wa tatu kwa maji yale yale. Nepi au shuka yenye mkojo wa mtoto ikiingia katika mzigo wa kwanza, najisi ya nguo moja imekuwa ya nguo zote, na kanzu ya kuswalia Ijumaa imo humo. Mashine otomatiki huleta maji mapya kila inaposuuza, na wanazuoni wengi wa zama hizi wameona nguo hutoharika humo iwapo haikubaki athari ya najisi. Hata hivyo njia ya salama ni nyepesi: kwanza uiondoe najisi yenyewe, kisha uimiminie nguo maji safi ya bomba mpaka rangi na harufu viondoke, halafu uitie mashineni. Hapo mashine itakuwa inasafisha kilichokwisha toharika.

Ndugu zetu wa Uswisi na Sweden, ambako majengo mengi huwa na chumba kimoja cha kufulia kwa wapangaji wote, huingiwa na wasiwasi kuwa huenda jirani amefua tandiko la mbwa. Kanuni ya fiqhi ni kuwa yakini haiondolewi na shaka. Asili ya vitu ni tahara mpaka ithibitike kinyume chake. Aliye na hakika ya najisi amuulize sheikh wake, na asiye na hakika asijitie katika wasiwasi.

Kabla ya kulipa

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, soma kibati cha nyuma: volti 220 hadi 240, hezi 50. Pili, pima kimo cha tangi lako. Kila mita 10 za kimo huleta baa moja ya msukumo, hivyo tangi lililo mita tatu juu ya bomba hutoa sehemu tatu tu za kumi, na mashine nyingi otomatiki hutaka nusu baa au zaidi. Huenda ukahitaji pampu. Tatu, hakikisha yupo fundi anayeijua na vipuri vinavyopatikana.

Na tusisahau israfu. Imepokewa katika Sahihi za Bukhari na Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) akitawadha kwa kiasi cha mudi moja na kuoga kwa pishi moja hadi mudi tano. Mwenye kuiwasha mashine kwa kanzu mbili na ajitazame.

Mwisho, tuwakumbushe akina baba. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wake. Mashine, hata iwe bora namna gani, haiokoti nguo chini, haitengi yenye najisi, wala haianiki. Kazi hizo bado zina wenyewe, na si lazima awe mama peke yake.

Wabillahi tawfiq.