KAHAWA NZURI KWA CHUJIO LA KITAMBAA



Katika mahafali ya mwaka jana, sisi wanafunzi wa darasa la juu tulikabidhiwa kazi ya kahawa. Tuliiona nyepesi. Wenzetu walipewa pilau, wengine mikeka na maji ya kunawa, na sisi tukapewa fedha za mchango wa wazazi, sufuria kubwa na mfuko wa mkaa. Tukanunua unga wa kahawa dukani, ule uliokaa rafuni hata karatasi yake imepauka, tukautia katika maji pamoja na tangawizi, tukaibandika sufuria saa tatu asubuhi. Wageni waliketi baada ya swala ya adhuhuri. Kwa muda wote huo kahawa ilikuwa ikitokota.

Finjani zilikwenda zimejaa na zikarudi zimejaa. Hakuna aliyetusema, kwani wageni wetu ni watu wa adabu. Mzee mmoja tu, tulipokwenda kumpokea finjani yake, alituuliza kwa sauti ya chini: "Wanangu, hii mmeipika au mmeiunguza?" Tuliinamisha vichwa. Fedha ile ilikuwa ya wazazi, na wageni wale walikuwa wametoka mbali.

Baadaye tulimfuata mzee yule nyumbani kwake. Katika ujana wake aliwahi kuzunguka na dele mitaani akiuza kahawa, na alitufundisha mengi. Mengine tuliyasoma vitabuni, na mengine tumeyajua kwa kuharibu. Tunayaandika hapa ili darasa lijalo lisiaibike kama sisi, na ili kila mmoja aweze kuwapikia wazazi wake kahawa ya kunyweka, bila mashine na bila gharama.

Kwanza tuseme kwamba sisi wanafunzi wa madrasa hatuna haki ya kuidharau kahawa. Kinywaji hiki kilienea kutoka Yemen katika karne ya 15, na waliokieneza walikuwa watu wa dhikri waliotaka kukesha bila kusinzia. Bandari iliyopeleka kahawa hiyo duniani ni Mokha. Sheikh Abd al-Qadir al-Jaziri, katika kitabu chake cha karne ya 16 kiitwacho Umdat al-Safwa fi Hill al-Qahwa, ameeleza jinsi ilivyofika Cairo kupitia kwa Wayemeni waliokaa katika sehemu yao pale Azhar. Usiku wa kuamkia Jumatatu na wa kuamkia Ijumaa waliitia katika chombo kikubwa cha udongo mwekundu, kiongozi wao akaichota kwa kikombe kidogo na kuipitisha kuanzia kulia, huku wakiendelea na dhikri. Palitokea mabishano pia. Mwaka 1511 msimamizi wa masoko wa Makka, Kha'ir Beg, aliipiga marufuku, lakini marufuku yake haikudumu.

Turudi kwenye sufuria yetu. Kosa letu lilikuwa nini?

Punje ya kahawa iliyokaangwa haiyeyuki yote majini. Kiasi kinachoweza kuyeyuka ni kama asilimia 30 ya uzito wake, na kinachofaa kuingia katika kikombe ni kama asilimia 18 hadi 22 tu. Vitu hivyo havitoki kwa pamoja. Uchachu na harufu nzuri hutangulia, utamu hufuata, na uchungu unaokwaruza koo hutoka mwisho. Anayeondoa maji mapema hupata kahawa chachu na nyepesi. Anayechelewa huvuta hata kile ambacho kingepaswa kubaki katika masimbi. Sisi tulivuta kwa saa nne! Tena kutokota kwenyewe hufukuza harufu, na ndiyo maana ua wote ulinukia vizuri asubuhi ile: harufu iliyotakiwa kuwemo katika finjani ilikuwa imekwisha toka na mvuke.

Mtu atasema, mbona kahawa ya barazani hukaa juu ya makaa na ni tamu? Nasi tulimuuliza mzee hivyo hivyo. Alicheka. Alisema kwamba makaa ya chini ya dele ni machache, ya kuipasha tu isipoe, na hayachemshi. Pia muuzaji hujaza dele dogo, hulimaliza upesi, kisha huenda kupika jingine. Zaidi ya hayo, kahawa ya barazani hukusudiwa iwe chungu, nayo hunywewa kwa finjani ndogo pamoja na kashata au tende. Hatuna ugomvi nayo hata kidogo. Njia tunayoieleza hapa hutoa kahawa ya namna nyingine, nyepesi na safi, isiyo na masimbi, ambayo mtu huweza kuinywa kikombe kizima hata bila sukari.

Njia yenyewe ni ya kuchuja. Mwaka 1908 mama mmoja wa mji wa Dresden, Ujerumani, Melitta Bentz, alichoshwa na masimbi na uchungu wa kahawa ya kuchemsha. Akatoboa matundu katika chombo cha shaba, akachukua karatasi ya kukaushia wino kutoka katika daftari la shule la mwanawe, akaitandika ndani, akatia kahawa na kumwagia maji ya moto juu yake. Mwaka huo huo alipata hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi wake, na kampuni yenye jina lake ingalipo. (Daftari la mwanawe lilikuwaje baada ya hapo, vitabu havisemi.) Vichujio vya karatasi vinauzwa katika maduka makubwa, lakini kila kimoja hutumika mara moja tu. Sisi tumechagua kitambaa.

Nunua nusu yadi ya marekani, ile isiyotiwa rangi. Kata duara lenye upana wa shubiri moja na nusu, likunje mara mbili lipate umbo la pembe, nawe utaona limeingia vizuri katika faneli. Kabla ya kulitumia lichemshe kwa maji matupu robo saa, ili litoke wanga uliotiwa kiwandani. Faneli iwe ya bati au ya aluminiamu, kwani plastiki nyepesi hulegea kwa maji ya moto. Na iwe mpya. Mwenzetu mmoja alileta ya kwao iliyokuwa ikitiliwa mafuta ya taa, akaapa kwamba ameiosha mara tatu. Kahawa ile tulimwagia mgomba, na mgomba wenyewe tuliuonea huruma.

Kaa faneli juu ya jagi au chupa ya chai. Hapa pana siri ndogo: faneli ikibana mdomo wa chupa, hewa iliyomo ndani haina pa kutokea na maji yatakataa kushuka. Chomeka kijiti kimoja cha kiberiti kati ya faneli na mdomo wa chupa, hewa ipate njia.

Sasa kahawa yenyewe. Ukiweza, usinunue unga. Kahawa ikisagwa hupoteza harufu yake kwa siku chache tu, lakini punje nzima zilizokaangwa hustahimili wiki kadhaa katika kopo lenye kifuniko kinachobana. Tanzania yetu haina upungufu wa kahawa: arabika hulimwa Kilimanjaro, Arusha, Mbeya na Mbinga, na robusta hulimwa Kagera, ambako Wahaya walikuwa wakitafuna buni iliyochemshwa na kukaushwa hata kabla ya wamisionari kuleta miche ya arabika Kilimanjaro. Robusta ni nzito na chungu, na kafeini yake hukaribia mara mbili ya ile ya arabika. Kwa kuchuja, sisi tumeipenda zaidi arabika.

Anayepata buni mbichi aikaange mwenyewe, robo kilo kwa mara moja, katika kikaango kizito au chungu, akikoroga kwa mwiko bila kupumzika. Itageuka manjano na kunuka kama majani makavu, kisha hudhurungi, na baada ya kiasi cha dakika kumi utaisikia ikialika kama bisi. Mlio huo ukishatulia, hesabu dakika moja au mbili, kisha epua. Kahawa ya barazani huendelezwa mbele zaidi, mpaka ing'ae mafuta. Imwage katika ungo na uipepete papo hapo, ipoe na kumvi zitoke, maana ukiiacha katika kikaango itaendelea kuungua hata bila moto. Ilaze siku moja kabla ya kuitumia.

Kusaga ndiko kulikotushinda kwa muda mrefu. Tulitwanga kwa kinu mpaka ikawa laini kama unga wa ngano tukidhani ndio ustadi, na kitambaa kikaziba. Maji yalikaa juu ya kahawa dakika kumi na mbili, na tukarudi kwenye uchungu ule ule wa mahafali. Kisha tukaitwanga nusu nusu, maji yakapita mbio, tukapata kitu kama maji ya kunde. Kadiri inayofaa ni chembe za ukubwa wa mchanga wa pwani, ule mkubwa kidogo. Kinu hakitoi chembe zilizolingana, kwa hiyo chekecha: vumbi linalopita katika chekecheke jembamba liweke kando kwa kahawa ya kuchemsha, na vipande vikubwa virudi kinuni. Saa ndiyo itakayokuhukumu. Kwa kikombe kimoja cha robo lita, tangu tone la kwanza la maji hadi kitambaa kitulie iwe kati ya dakika tatu na nne. Ikizidi sana, kesho twanga kwa ukubwa zaidi. Ikipungua, twanga kwa udogo zaidi. Badilisha hilo peke yake, wala usibadilishe kipimo siku hiyo hiyo, kwani hutajua kilichokusaidia ni kipi.

Kipimo ni gramu 60 kwa lita moja ya maji. Asiye na mizani atumie kijiko cha kulia chakula: kijiko kimoja, bila mlima, ni kama gramu 5, basi vitatu kwa robo lita na kumi na viwili kwa lita. Masimbi hunyonya maji karibu mara mbili ya uzito wake, kwa hiyo usishangae robo lita ikipungua kidogo. Inabaki ya kutosha finjani tatu ndogo, na funda la mpishi.

Maji yawe ya kunywa. Visima vingi vya huku pwani vina chumvi, na hakuna ustadi wa kuchuja utakaoiondoa. Yakichemka, epua birika na usubiri nusu dakika, yashuke hadi kama nyuzijoto 95. Huku nyuma mwagia kitambaa maji ya moto kidogo ili kipate joto, kisha yamwage. Tia kahawa, isawazishe, uimwagie maji ya kuilowesha tu, kiasi cha mara mbili ya uzito wake. Hapo acha. Kahawa iliyokaangwa karibuni itafura na kutoa mapovu, na hiyo ni hewa ya kaboni iliyofungika ndani yake tangu ilipokaangwa. Isipotoka kwanza huyazuia maji kuingia. Kahawa isiyofura kabisa ni kahawa ya zamani, na ile tuliyoinunua kwa mahafali tuliijaribu baadaye ikalala kimya kama tope. Baada ya nusu dakika mimina yaliyobaki polepole kwa mzunguko, kuanzia katikati, kwa mikupuo mitatu au minne. Usiukamue mfuko mwishoni ukitaka kupata matone ya mwisho, kwani uchungu wote umo humo.

Wapenzi wa tangawizi wasihuzunike. Iponde, ichemshe katika yale maji ya birika, yachuje, kisha uyatumie kumwagia kahawa. Iliki isagwe pamoja na kahawa, punje mbili zatosha kikombe.

Jambo moja kwa wanaojiandaa na mitihani. Kwa mtu mzima, nusu ya kafeini aliyokunywa bado imo mwilini baada ya kama saa tano, ingawa watu hutofautiana. Aliyekunywa baada ya isha asimlaumu mtu akikodoa macho usiku wa manane na kusinzia darasani asubuhi. Sisi tumejiwekea mpaka wa alasiri. Wadogo zetu wa madarasa ya chini wanywe maziwa.

Katika maulidi ya mwaka huu tulipewa tena kazi ya kahawa, ingawa ustadhi wetu alisimama karibu. Tulishona mfuko mkubwa wa marekani mfano wa kifumbu cha tui, tukaufunga pete ya waya na kuutundika. Tuliichuja lita moja kwa mara moja, mara tano, na kila lita iliingia katika chupa ya chai papo hapo bila kurudishwa motoni. Kwa kuwa kahawa katika mfuko huwa na kina kirefu, tuliitwanga kwa ukubwa zaidi kuliko ile ya kikombe. Lita ya nne iliharibika: aliyeshika birika alisita kuzungumza na wageni, maji yakapoa, na kahawa ikatoka chachu. Hiyo tuliinywa wenyewe. Mzee wetu alipata ya lita ya pili, akaomba finjani nyingine.

Kitambaa kisioshwe kwa sabuni wala kisiwekwe marashi, maana hushika harufu na kuirudisha katika kahawa ya kesho. Kigeuze, kisuuze kwa maji ya moto mpaka maji yatoke meupe, kisha kiweke ndani ya bakuli la maji baridi yanayobadilishwa kila siku. Kikikauka na mafuta ya kahawa ndani yake huvunda. Mara moja kwa wiki kichemshe kwa maji matupu, na kikianza kupitisha maji kwa shida ingawa kahawa ni ile ile, kata kingine.