Je, Wajua? Kila Zawadi Ina Kwao

Ukipita maduka ya vinyago ya Arusha, Mto wa Mbu au Mji Mkongwe Zanzibar, utakuta twiga wa mbao wamepangwa kwa urefu kama wanafunzi mstarini, fulana za kila rangi, shuka za lubega na sumaku za kubandika kwenye friji. Mkoani Singida huoni mtaa wa namna hiyo, lakini abiria wa Singida ni nadra kuondoka mikono mitupu. Yafuatayo ni mambo machache kuhusu vitu tunavyobeba kutoka safarini, na sababu ya kuuliza vimetoka wapi.

Je, wajua kwamba wanyama wengi wa mbao si kazi ya Wamakonde?
Biashara ya kuwachongea wageni twiga na vifaru ilikuzwa zaidi na Wakamba wa Kenya. Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu, alikuwa Tanganyika wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Aliona wachongaji wa huku wanavyofanya kazi, akarudi kwao na ujuzi huo. Mwaka 1963 wachongaji Wakamba wa Mombasa walianzisha ushirika wao pale Changamwe. Wamakonde wanajulikana zaidi kwa vinyago vya mashetani, na kwa ujamaa, yaani nguzo ya watu walioshikana na kubebana, wote kutoka gogo moja.

Je, wajua namna ya kutambua mpingo?
Anza na uzito: mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Moyo wa mti ni mweusi, na mbao ya pembeni ina rangi ya manjano hafifu, ndiyo maana mafundi wengi huacha ukanda wa rangi hiyo uonekane. Kisha lowesha kitambaa, usugue. Kinyago kilichopakwa kiwi ya viatu huacha weusi kwenye kitambaa. Mwisho kigeuze uangalie kitako, mahali ambapo fundi mwenye haraka hapaki vizuri. Mikwaruzo itakuonyesha mbao nyeupe. Mpingo huchukua zaidi ya miaka 70 kukomaa. Anayekuuzia mbao nyingine kwa jina lake anaidhulumu pesa yako pamoja na mti wenyewe.

Je, wajua kwamba mwanzilishi wa mtindo wa uchoraji wa Tingatinga alichora kwa miaka michache tu?
Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Alianza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968, akitumia vipande vya ubao na rangi ya baiskeli, na picha zake zikauzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Ndugu na wanafunzi wake ndio walioibeba kazi hiyo, na leo karibu kila duka la watalii nchini lina chui au ndege wa mtindo wake.

Je, wajua kwamba maneno ya kwenye fulana yanaweza kuwa na mwenyewe kisheria?
Baada ya filamu yake ya simba ya mwaka 1994, kampuni ya Disney iliomba Marekani alama ya biashara ya "Hakuna Matata" kwa ajili ya mavazi, ikapewa mwaka 2003. Them Mushrooms wa Kenya walikuwa wameshayaimba maneno hayo katika Jambo Bwana tangu 1982. Mwaka 2018 maelfu ya watu walitia saini kuipinga alama hiyo, na walikuwa na haki ya kukasirika.

Je, wajua kwamba bangili huweza kuzaliwa na kufuli bovu?
Katika bonde la Ziwa Eyasi, upande wa Karatu na upande wa Mkalama mkoani Singida, wanaishi Wahadzabe na Wadatoga. Wahunzi wa Kidatoga hukusanya makufuli mabovu na koki za maji, huziyeyusha kwenye mkaa unaopulizwa kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi, kisha humimina shaba iliyoyeyuka kwenye mfereji mwembamba. Ufito ukipoa hupigwa nyundo, hukunjwa na kuchorwa mistari kwa patasi. Wahunzi hao hao hufua misumari kuwa vichwa vya mishale, ambavyo Wahadzabe huvipata kwa kubadilishana na asali. Bangili ya namna hii imebeba maisha ya bonde zima.

Je, wajua kwamba dhahabu ya Singida iligeuzwa sarafu ya vita?
Mwaka 1916, katikati ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani waliokuwa wakitawala hapa waliishiwa sarafu kwa sababu Waingereza walikuwa wameziba njia ya bahari. Wakatumia karakana ya reli ya Tabora kutengeneza sarafu za rupia 15 za dhahabu, zenye tembo aliyesimama mbele ya milima. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba. Zilitoka sarafu 16,198, na leo wakusanyaji huzigombea minadani. Ukiuziwa moja kwa bei ya fulana, jua ni nakala.

Je, wajua kwamba zawadi inaweza kukufikisha mahakamani?
Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989. Gamba la ng'amba nalo haliruhusiwi, na vitu vya kale havitolewi Tanzania bila kibali. Hata muuzaji naye huwajibika kwa anachosema. Mwaka 2019 mahakama ya Australia iliitoza kampuni ya Birubi Art faini ya dola milioni 2.3 za nchi hiyo, kwa kuuza kazi zilizotengenezwa Indonesia kana kwamba zimetoka mikononi mwa wenyeji wa asili wa Australia.

Je, wajua kwamba alizeti ni mgeni Singida?
Asili yake ni Amerika Kaskazini. Lakini wakulima wa Singida wameilima, wakaikamua na kuiuza kandokando ya barabara kuu, hadi mafuta yake yakawa sifa ya mkoa. Basi likisimama, abiria hununua dumu la mafuta, kuku wa kienyeji kutoka kwenye tenga, vitunguu, au asali ya Manyoni na Itigi. Kwa hiyo kwao kwa kitu si lazima kuwe kwa mababu; kunajengwa pia na mikono ya watu wanaokifanya vizuri mwaka hadi mwaka. Ukiwa dukani popote, muulize muuzaji nani amekitengeneza na wapi. Mwenye kazi halali atakujibu bila kusita, na pesa yako itamfikia aliyeitolea jasho.