NDEGE NAYO HUUZWAJE?

Ndege ndogo zipitapo juu ya shule yetu zikielekea Wilson, wenzangu husema ati ukiwa na pesa wanunua tu, kama baiskeli. Sivyo!

Tazameni ubavuni mwa ndege. Za Kenya zimeandikwa 5Y. Kwa Mkataba wa Chicago wa 1944, ndege haiwezi kusajiliwa katika nchi mbili kwa wakati mmoja. Ukiitoa nje, sharti ifutwe huko kwanza ndipo isajiliwe hapa.

Lakini hatari kubwa iko kwenye madeni. Shamba halitembei, ndege leo iko Nairobi, kesho Juba. Mdai ataifuata wapi? Ndiyo maana mwaka wa 2001 mataifa yalipatana huko Cape Town kuwe na daftari moja la kimataifa. Lilianza kazi 2006 mjini Dublin, Ireland, na Kenya imo. Humo huandikwa mauzo na madeni ya ndege za kubeba watu 8 au zaidi, rubani akiwemo. Injini kubwa huandikwa mbali, kwani hung'olewa zikatiwa ndege nyingine.

Anayewahi kuandikisha ndiye hutangulia. Tuseme Juma amenunua ndege na pesa zote amelipa. Kumbe benki ilikwisha andikisha deni la muuzaji! Muuzaji asipolipa, benki yaweza kuichukua ndege, Juma abaki akimsaka muuzaji. Tena Juma akikawia kuandikisha, muuzaji akamwuzia Wanjiku naye Wanjiku akawahi, Wanjiku ndiye mwenye ndege, hata kama alijua habari za Juma. Hapo mimi naona sheria ni kali mno. Hata hivyo, daftari lenyewe halifichwi: yeyote hulitazama kwa kompyuta, mchana na usiku, mradi alipe ada.