Taa za Datsun ya Pujini zilivyokuwa 'zikijifunga' zenyewe

Na Mwandishi Wetu, Pujini

KWA mashabiki wanaotoka Uwanja wa Gombani kurudi Pujini usiku, mechi haiishi mwamuzi anapopuliza filimbi ya mwisho. Dakika za nyongeza zinachezwa barabarani. Watu wanatembea kwa makundi, wengine wawili wawili juu ya baiskeli moja, wanabishana kama penati ile ilikuwa halali au la. Nyuma haangalii mtu.

Katika giza hilo ndimo inamopita Datsun 120Y nyekundu ya milango miwili, gari la miaka ya 1970. Mwenyewe ni mzee wa Pujini, mpenzi wa mpira asiyekosa Gombani. Ameomba jina lake lisitoke gazetini, maana wanaotaka kulinunua wameshamchosha.

Mapenzi yake kwa Datsun yana historia. Mzee alikuwa kijana mwaka 1973, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliposhinda Safari Rally kwa Datsun 240Z. Mehta alilibeba taji hilo mara 5, nne zikiwa mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Mbio hizo zilianza 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yake yalipangwa taa za ziada puani kwa sababu yalikimbia hata usiku wa manane.

Gari la mzee lenyewe lilikuwa halioni. Taa zilitoa mwanga wa njano kama kibatari. Mwaka jana jamaa yake anayeishi Muscat akamletea taa mpya za duara za inchi 7, zenye balbu za halojeni aina ya H4. Akazifunga, akafurahi.

Usiku wa kwanza tu, kila dereva aliyepishana naye alimpigia honi. Wiki ya pili, kijana wa pikipiki aliyekuwa anakuja mbele yake alipigwa na mwanga wa macho, akaingia mtaroni, hatua chache kutoka kwa watoto waliokuwa wanatoka mpirani. Hakuna aliyeumia. Lakini mzee anasema hakupata usingizi, kwani mmoja wa watoto wale ni mjukuu wake.

Sasa kosa lilikuwa wapi? Taa zilikuwa nzima kabisa, ila zilitengenezwa kwa barabara za watu wengine. Oman wanaendesha kulia. Taa ya mbele ikiwekwa dimu, mwanga wake haulingani pande zote. Upande wa ukingo wa barabara unapanda kidogo ili dereva awaone waenda kwa miguu, na upande wa gari linalokuja unashuka ili usimpofushe mwenzake. Taa ya Oman inapandisha mwanga kulia. Kwetu, kulia ndiko anakotokea mwenzako. Ni beki mwenye shuti kali anayepiga langoni kwake.

Fundi umeme wa Chake Chake alizitoa, akafunga taa za nchi zinazoendesha kushoto kama sisi, mfano Japani. Kisha akagundua ugonjwa wa pili: waya. Kwenye gari hilo umeme wa taa ulitoka kwenye betri, ukapita swichi ya ndani, ndipo ukarudi mbele kupitia waya nyembamba zilizochoka. Balbu mbili za dimu za wati 55 zinavuta karibu ampea 9, na volti zinapotea njiani. Balbu ya volti 12 ikipata 11 tu, mwanga unapungua kama robo.

Dawa yake ni rilei mbili, moja ya dimu na moja ya ful, na waya nene zenye fyuzi kutoka kwenye betri moja kwa moja. Swichi ya zamani sasa inatoa amri tu, kama kocha kwenye benchi.

Vijana wa mtaani walimshauri mzee atie balbu za LED. Fundi akakataa. Bakuli la taa ile limepimwa kwa waya mdogo unaowaka ndani ya balbu ya halojeni. Chanzo cha mwanga kikihama hata kidogo, mwanga unatawanyika ovyo. Alipoulizwa kuhusu taa nne za ziada kama za Safari, alimkumbusha mzee kwamba barabara ya Pujini ina watu.

Mwisho, gari liliegeshwa mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani. Fundi akakaza skrubu mpaka ukingo wa juu wa mwanga wa dimu ukakaa sentimita 10 chini ya usawa wa taa.

Nilipanda gari hilo kurudi Pujini baada ya mechi. Tulipishana na magari na pikipiki, hakuna aliyepiga honi. Upande wa kushoto niliona kandambili za watoto kabla sijawaona wenyewe. Mzee akapunguza mwendo, akawapita taratibu. Dirisha lilikuwa wazi, nikawasikia: bado wanabishana ile penati.