Binti Awindaye Mizuka ya London

Mwezi uliopita, baada ya darsa ya Jumamosi, mama mmoja wa jamaa zetu wa hapa London alitujia na kitabu alichokifunga ndani ya mfuko wa plastiki, kana kwamba ni kitu kilichoingia najisi. Alikikuta chini ya mto wa binti yake mwenye umri wa miaka 13. "Mwalimu," akatuambia, "nakuomba ukitazame, kisha uniambie nikitupe au nikichome. Mtoto halali tena bila ya taa." Tuliomba muhula wa wiki moja. Tukakisoma kwa mikesha miwili, na hatuna budi kukiri kwamba katika mkesha wa kwanza nasi tuliiacha taa ya ukumbini ikiwaka hadi alfajiri.

Kitabu chenyewe kinaitwa "The Screaming Staircase", jina ambalo kwa lugha yetu tungeweza kulisema Ngazi Ipigayo Mayowe. Mwandishi wake ni Mwingereza, Jonathan Stroud, na kilichapishwa mwaka 2013. Ni cha kwanza katika mfululizo wa vitabu vitano uitwao Lockwood & Co., ambao cha mwisho wake kilitoka mwaka 2017. Vijana wengi walikuja kuijua hadithi hii kwa njia ya televisheni, maana Netflix iliionesha kwa sehemu nane mwanzoni mwa mwaka 2023, kisha ikaikatisha baada ya msimu mmoja tu. Wazee ambao watoto wao walinuna wiki nzima mwaka ule bila ya kueleza sababu, huenda hiyo ndiyo iliyokuwa sababu.

London ya kitabu hiki inafanana na hii tunayoishi, isipokuwa jambo moja. Kwa muda wa miaka hamsini hivi wafu wamekuwa wakirejea usiku kwa sura ya mizuka, na mguso wa mzuka huua. Jua likishuka watu hujifungia majumbani. Wanaoweza kuiona na kuisikia mizuka hiyo ni watoto na vijana peke yao. Mtu akishakuwa mzima kipaji kile humtoka. Hubakia na khofu, lakini macho hana. Kwa hiyo watu wazima wameanzisha makampuni, wakawaajiri watoto, wakawapa panga nyembamba, minyororo ya chuma na chumvi, na kuwatuma gizani. Wengi hawarudi.

Hapo kwenye chuma na chumvi tulitabasamu kidogo. Nani kati yetu aliyelelewa pwani asiyekumbuka kisu kilichowekwa chini ya mto wa mtoto mchanga? Tulidhani ni mambo ya bibi zetu peke yao, kumbe Waingereza nao walikuwa na bibi.

Msimuliaji ni msichana aitwaye Lucy Carlyle. Ametoka kaskazini ya Uingereza, katika nyumba ya kimaskini, na tangu udogoni ametiwa kazini ili mshahara wake uisaidie familia. Kipaji chake ni kusikia. Usiku mmoja, katika kinu cha zamani, alihisi kwamba kilichokuwamo ndani ni kibaya kuliko walivyoambiwa. Msimamizi, mtu mzima asiyeona wala kusikia, akawahimiza waingie. Wenziwe wakafa. Baraza la uchunguzi lilipokaa, neno la mtu mzima lilipewa uzito kuliko lake. Msichana huyo akafunga mzigo wake, akapanda gari la moshi kuja London peke yake, akajiunga na kampuni ndogo ya vijana watatu isiyokuwa na mtu mzima hata mmoja.

Tangu hapo Lucy si mtu mwenye utulivu. Ana hasira, ana wivu, hulala vibaya, na huwahurumia wafu kupita kiasi hata akawahatarisha walio hai. Wapo watakaosema kwamba msichana wa namna hiyo si mfano mwema kwa mabinti zetu. Sisi tuliona vingine. Tulimwona mtoto aliyesema kweli asisadikiwe, kisha akaulizwa kwa nini amekuwa mkimya.

Tumfikirie binti yetu wa hapa. Ana miaka 10, amekaa katikati baina ya mama yake na daktari, anatafsiri khabari za maradhi ambazo hata yeye hafai kuzisikia. Barua ya halmashauri ikija, yeye ndiye huitwa kutoka chumbani. Simu ya kampuni ya umeme, yeye. Mji huu anauona na kuusikia kuliko sisi tuliomzaa, nasi tunamtanguliza mbele kama wale watu wazima wa kitabuni, kisha akituambia kwamba njiani kutoka skuli kuna jambo linamtia khofu, tunamjibu asome Ayatul Kursi na alale. Asome, ndiyo. Lakini tumsikilize pia. Tulipofika hapo katika kitabu tulikifunga kwa muda, kwa kuwa tulikumbuka mwanafunzi mmoja wa zamani, na mara ngapi alijaribu kutuambia jambo nasi tukiwa tunasahihisha madaftari.

Sasa tuje kwenye suala alilotuuliza mama yule: je, dini inasemaje? Sisi si wanazuoni, na mwenye shaka amwendee sheikh wake. Tunalolijua ni kwamba majini ni viumbe waliotajwa katika Qur'ani, na ipo sura nzima yenye jina lao. Muislamu hakanushi kuwapo kwao. Ama roho za wafu, hizo ziko barzakh, wala hazizururi katika ngazi za nyumba za Waingereza. Hapo ndipo kitabu kinapoachana na itikadi yetu, na hilo mtoto wa miaka 13 anaweza kuelezwa kwa dakika kumi naye akafahamu. Tulimweleza. Alitujibu, kwa adabu, kwamba alikuwa akilijua tangu madrasa na kwamba hii ni hadithi tu, Mwalimu.

Linalotutisha sisi si hadithi. Linalotutisha ni kuwa katika mji huu huu wapo watu wazima waliowinda mashetani kweli, na waliyemwinda alikuwa mtoto. Mwezi wa Februari mwaka 2000 alikufa Victoria Climbié, mtoto wa miaka 8 kutoka Ivory Coast, aliyekuwa akiishi Haringey, baada ya mateso marefu mikononi mwa shangazi wa babake na mwanamume aliyekuwa akiishi naye. Kabla ya kufa alipelekwa makanisani akisemwa kuwa amepagawa na pepo. Uchunguzi wa Lord Laming, uliotolewa mwaka 2003, ulionesha jinsi idara moja baada ya nyingine ilivyokosa kumwokoa. Siku ya Krismasi ya mwaka 2010, huko Newham, kijana wa miaka 15 mwenye asili ya Kongo, aliyekuja kutoka Paris kutembelea jamaa zake, aliuawa na dada yake mwenyewe na mchumba wa dada huyo kwa tuhuma za uchawi. Walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2012.

Na tusiseme kuwa hayo ni ya wengine. Mwaka 1995 kilipovuma kisa cha Popobawa, kikaanzia Pemba na kuvuka hadi Unguja, watu walilala nje makundi kwa makundi wakiwasha moto. Katika khofu ile mtu mmoja mgonjwa wa akili alishukiwa kuwa ndiye, akapigwa hata akafa. Popobawa mwenyewe hakupata jeraha lolote.

Labda ndiyo sababu tulikipenda kitabu cha Stroud zaidi ya tulivyotaraji. Kuna maiti ya msichana ndani yake, na kuna mzuka wa kutisha kweli kweli. Lakini muovu wa kisa hicho ni mtu aliye hai, mwenye mali na jina, anayepeana mikono na wakubwa. Hatutamtaja, tusije tukawaharibia wasomaji utamu. Tulipomfahamu, tulimkumbuka mzee wetu Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye riwaya yake ya "Mzimu wa Watu wa Kale" ilichapishwa mwaka 1960. Huko nako kila mtu anaunyoshea kidole mzimu, mpaka anapotokea Bwana Msa na kiko chake, akauliza maswali machache ya utulivu, na mambo yakaonekana kuwa ni kazi ya mikono ya binadamu. Bwana Msa ana udugu na Sherlock Holmes wa Baker Street, na Lockwood wa vitabu hivi ana udugu na Holmes huyo huyo, kwa hiyo ukoo ni mmoja. Upungufu wetu ni kwamba wapelelezi wa riwaya zetu mashuhuri, kuanzia Bwana Msa hadi Willy Gamba wa Elvis Musiba, ni wanaume. Lucy wetu bado hajaandikwa. Huenda yule atakayemwandika sasa hivi anatafsiri barua ya halmashauri jikoni.

Mama yule tulimrudishia kitabu bila ya mfuko. Tulimshauri asikichome, bali akisome yeye na binti yake, sura moja kila usiku kabla ya Isha, na taa iwashwe kwa muda wote wanaouhitaji. Alitutazama kama mtu aliyepewa dawa isiyo na uchungu, akashuku. Wiki mbili baadaye alitupigia simu kuuliza kama cha pili kinapatikana maktaba.

Binti naye tulimwazima nakala yetu ya Bwana Msa, iliyopoteza jalada na kurasa kadhaa kwa kuhama nyumba mara nyingi. Kiswahili chake cha kusoma ni cha polepole, na ameweka daftari la maneno asiyoyajua. Neno la kwanza aliloliandika ni "kiko". Ametuuliza pia kwa nini Bwana Msa hakumchukua msichana wa kumsaidia. Tumemwahidi jibu, na bado tunalitafuta.